Jua Lisizame Kabla Hajalipwa: Jinsi ya Kuanzisha Dawati la Ujira Parokiani

Usianzie kiwandani. Nenda getini kwa parokia yako jioni, msalimie mlinzi, kaa naye nusu saa. Muulize anaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, kama ana mkataba au wameelewana kwa mdomo tu, na lini mara ya mwisho alishinda nyumbani kwake Jumapili. Ukitoka hapo mtafute mpishi wa nyumba ya mapadre, halafu yule mama anayefagia kanisa Ijumaa, halafu dereva.

Sisi tulianza kinyume. Tulishona fulana za Mei Mosi, tukachora bango, kisha wanne wetu tukaenda kumwona mkandarasi mmoja ambaye hakuwa amewalipa saidia fundi wake kumi na mmoja kwa wiki tano. Alitupokea vizuri, akatuagizia soda. Tulipomaliza kusema, akauliza swali moja tu: "Na mlinzi wenu pale kanisani mnamlipa shilingi ngapi?" Tukatazamana. Katibu akakohoa. Hakuna aliyejua, na tulichokikuta jioni ile tulipoenda kuuliza hakikuwa cha kujivunia. Tukatumia miezi mitatu kusafisha nyumbani kwanza, na hao saidia fundi wakatusubiri. Nitawarudia, maana kusubiri huko kuliwaponza.

Kwa hiyo somo hili ni la Tume ya Haki na Amani ya parokia, au la wanajumuiya wachache wanaotaka kuanzisha dawati la ujira, yaani kikundi kidogo cha kuwasaidia watu wanaodhulumiwa mshahara. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Walioko Kenya watazikuta hatua zilezile za kusikiliza na kuandika, ila sheria yao ni nyingine na muda wa kudai ni mrefu zaidi: miaka 3.

Hatua ya kwanza: orodha ya nyumbani

Andika kila mtu anayelipwa na parokia, vigango vyake, chekechea na zahanati kama zipo. Jina, kazi, saa, mshahara, mkataba upo au haupo, mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unapelekwa au haupelekwi. Peleka orodha kwa paroko na mhazini faraghani, kabla haijafika halmashauri ya walei. Usimshtukize padre mbele za watu. Mara nyingi mshahara ule ulipangwa na mtangulizi wake miaka mingi nyuma, na tangu hapo hakuna aliyeugusa.

Parokia itasema haina fedha, na pengine ni kweli. Mkataba wa maandishi, siku moja ya mapumziko kwa wiki na karatasi ya mshahara kila mwezi havihitaji harambee. Kima cha chini cha kisheria hakina mjadala wala awamu. Nyongeza ya juu ya hapo ndiyo ipangiwe tarehe, na tarehe hiyo iandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Nani akae kwenye dawati

Watano wanatosha. Tafuta mama wa WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki) anayeheshimika mtaani, kijana wa VIWAWA, mtu wa hesabu, mtu mwenye mwandiko unaosomeka, na mmoja aliyewahi mwenyewe kulinda usiku au kufanya kazi za ndani. Huyo wa mwisho ndiye atakayejua lini mlalamikaji anaficha jambo kwa aibu. Mwanasheria akipatikana, awe wa kupigiwa simu. Akikaa kikaoni kila wiki, wote mtaanza kuongea kama mahakamani na mwenye shida atanyamaza.

Paroko asiwe mwenyekiti. Ajue, abariki, na abaki kuwa padre ambaye hata mwajiri anaweza kwenda kuungama kwake.

Hilo jina VIWAWA, Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, tumelizoea kwenye kwaya na michezo mpaka neno la mwisho halisikiki tena. Mizizi yake iko kwa Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji, ambaye chama chake cha vijana wafanyakazi kilipata kibali cha Papa mwaka 1925. Aliwataka vijana wachunguze hali halisi ya kazi zao kabla ya kuhubiriana: ona, amua, tenda. Mwaka 1961 Papa Yohane wa XXIII aliitia njia hiyo katika waraka wa Mater et Magistra. Sisi wengi tunaruka moja kwa moja kwenye "tenda", kwa sababu hapo ndipo kwenye fulana.

Kusikiliza, na mahali pa kusikilizia

Jumamosi moja jumuiya yetu ilisali kwenye nyumba nzuri ya mwanajumuiya mwenzetu. Somo lilikuwa Yakobo sura ya 5, pale ujira uliozuiliwa unapopiga kelele hadi kwa Bwana. Tukashirikishana vizuri sana. Dada wa kazi akaingia na chupa ya chai na sinia la mihogo, akatuzungushia vikombe mmoja mmoja, akarudi jikoni. Hakuna aliyemwambia akae. Hata mimi. Nilipokea kikombe, nikasema asante, nikaendelea kuwasema matajiri.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, walitaka Kanisa liwe la majirani. Ndivyo lilivyo, na ndiyo sababu mwajiri na mwajiriwa wako kwenye jumuiya moja, mmoja sebuleni, mwingine jikoni. Kwa hiyo usiite malalamiko ya mshahara kwenye ibada ya jumuiya. Binti hatasema neno mbele ya mama mwenye nyumba, na akisema, kesho yake atafungashiwa begi.

Tafuteni chumba ambacho mlango wake hauonekani kutoka ofisi ya parokia. Walinzi wanapatikana asubuhi ya Jumapili wakitoka lindo, wakipitia misa ya kwanza na macho mekundu. Dada wa kazi hutoka kwa nafasi ndogo: akienda sokoni, akimpeleka mtoto shule, akisaga unga. Mama wa WAWATA anaweza kuzungumza naye vizuri zaidi kwenye foleni ya mashine kuliko kamati nzima ofisini. Usimpigie simu kabla ya kumuuliza ni saa ngapi simu iko mikononi mwake. Na hakuna kuuliza dini. Mlinzi Mwislamu ana njaa ileile.

Swali la kwanza liwe: "Wewe unataka nini?" Mmoja atataka mshahara wake wa miezi miwili na kazi yake aendelee nayo. Mwingine atataka nauli ya kurudi Singida, basi. Mwingine atataka kusikilizwa tu leo, aende akafikiri. Yeye ndiye mwenye shauri. Ukiona wajumbe wanaanza kusema "hii kesi itakuwa ya mfano", wazuie.

Daftari

Hapa ndipo mashauri yanaposhindwa au kushinda, na ningependa msomaji akae hapa zaidi ya kwingine. Mnunulie kila mlalamikaji daftari dogo. Safu ni hizi: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mapumziko, nilichopokea, aliyenipa. Aandike siku hiyohiyo, kwa maneno yake. Asiyejua kuandika achore mistari, na mtoto wake au jirani amsaidie kila jioni.

Nakumbuka daftari la mlinzi mmoja, limekunjwa mara mbili likakaa mfuko wa nyuma mpaka likachukua umbo la nyonga yake. Ameandika kwa kalamu mbili, ya buluu ilipokwisha akashika nyekundu. Kwenye usiku mmoja kaandika: "mvua, paa la kibanda linavuja, sikukaa." Mstari huo hauna hesabu ndani yake, lakini mtu akiusoma anajua hili halikutungwa jana kwa usiku mmoja.

Pamoja na daftari kusanyeni ujumbe wa fedha zilizotumwa kwa simu (usiufute, na upigie picha), picha ya rosta ukutani, kitambulisho cha kazi, sare, jina la sapavaiza, majina ya wenzake wawili walio tayari kusema. Asiye na mkataba asikate tamaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za ajira yake kwa maandishi na kuzitunza. Mbele ya shauri akishindwa kuzitoa, mzigo wa kuthibitisha makubaliano yalikuwaje unamwangukia yeye.

Hesabu

Tafuteni Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyo hai leo. Ile iliyoanza tarehe 1 Januari 2023 ilipanga viwango kwa sekta, na hata wafanyakazi wa majumbani iliwagawa kwa kutazama mwajiri ni nani na kama mfanyakazi analala humo ndani. Amri hubadilishwa, kwa hiyo msitumie karatasi ya zamani iliyobandikwa ubaoni.

Baada ya kima, saa. Wiki ya kawaida haizidi saa 45. Ili kupata malipo ya saa moja, gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa 45. Tuchukue mlinzi wa 195,000 kwa mwezi, namba ya kujifunzia tu, si kiwango halali. Wiki ni kama 45,000, saa ni 1,000. Saa ya ziada hulipwa moja na nusu, yaani 1,500. Siku ya mapumziko na sikukuu ya kitaifa ni mara mbili, 2,000. Kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5.

Sasa huyu analinda usiku sita kwa wiki, saa 12 kila usiku, bila ruhusa ya kuliacha geti. Jumla saa 72. Toa 45, zinabaki 27. Mara 1,500 ni 40,500 kwa wiki, kabla ya nyongeza ya usiku. Karibu mshahara wa wiki nyingine nzima ambao hajawahi kuuona. Mwajiri atasema kuna makubaliano ya saa 12. Yapo kisheria, yakiandikwa, lakini hayavuki siku tano wala saa 45 za kawaida kwa wiki. Ovataimu yenyewe ina ukomo wa saa 50 ndani ya wiki nne.

Angalieni pia likizo ya siku 28 kwa mwaka, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Makato nayo. Sahani ikivunjika, mama mwenye nyumba hawezi kukata tu. Lazima liwe kosa la mfanyakazi, apewe kwa maandishi sababu na kiasi, apate nafasi ya kujitetea, na makato yote yasizidi robo ya mshahara.

Kamwe usikuze hesabu ili "tukipunguzwa tubaki na kitu". Mkikamatwa na uongo mmoja, na ya kweli yote yataitwa uongo.

Tarehe

Andikeni kwa wino mwekundu juu ya faili. Aliyeachishwa kazi na anadai kuachishwa huko si halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai mengine, pamoja na mshahara usiolipwa, siku 60. Mazungumzo ya kirafiki hayasimamishi muda huo, na mwajiri mjanja anajua. Atasema "njooni wiki ijayo" mara nane.

Wale saidia fundi kumi na mmoja, tulipokuwa tayari, siku 60 zilikuwa zimepita. Wanane walishatawanyika, mmoja tuliambiwa yuko Kahama. Waliobaki watatu ikabidi kwanza waombe kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2 na waeleze kila wiki ya kuchelewa. Ni vigumu kuandika kwenye fomu ya serikali kwamba ulichelewa kwa sababu kamati ya parokia ilikuwa inajirekebisha.

Anayefukuzwa kabla ya kutimiza miezi 6 hana kinga ile ya kuachishwa isivyo halali, ila mshahara wa siku alizofanya kazi ni wake.

Kwenda kwa mwajiri

Waende wawili, si wanne, na mmoja awe mtu anayemfahamu. Mlalamikaji akubali kwanza, kwa maandishi au mbele ya shahidi. Msiende kazini kwake wakati wateja wamejaa, wala nyumbani wakati wa chakula. Salamu, habari za familia, kisha jambo lenyewe mapema, kabla soda haijafika. Sisi huanza hivi: "Mzee, tumekuja kwa shida ya kijana wako. Hatujaja kukushtaki. Tuna hesabu hapa, tunaomba uitazame, utuonyeshe palipokosewa." Karatasi moja, jumla chini, tarehe mnayoomba jibu. Siku 7 zinamtosha kuangalia vitabu vyake.

Tofautisheni asiyetaka na asiyeweza. Mama wa genge anayemlipa binti kidogo kwa sababu naye hauzi, mnaweza kumpangia malipo kwa awamu. Mwenye malori sita ni mtu mwingine.

Atakayesema "alikubali mwenyewe huo mshahara" mjibuni kwa maneno ya mtu ambaye hawezi kumwita mwanasiasa. Papa Leo wa XIII, tarehe 15 Mei 1891, katika Rerum Novarum, alifundisha kwamba hata kama mfanyakazi amekubali, kuna haki iliyo juu ya makubaliano: ujira usipungue kile kinachomwezesha kuishi. Aliyekubali kwa kuogopa njaa hakukubali kwa hiari. Kwa Mkatoliki mwenzenu ongezeni kwamba katekisimu inaihesabu dhuluma dhidi ya mfanyakazi wa mshahara miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu. Semeni mara moja, kwa sauti ya kawaida. Msimsomee.

Akilipa, asante, mkono, na hakuna tangazo kanisani.

Asipolipa

Afisa Kazi wa eneo lenu ana mamlaka ya kukagua na kumtaka mwajiri atekeleze sheria. Chama cha wafanyakazi ni njia bora zaidi kwa wanaobaki kazini. Wa majumbani na mahotelini chao ni CHODAWU. Dawati la parokia halina uwezo wa kufunga mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya wafanyakazi wote na mwajiri, chama kinao, na kazi yenu mara nyingine ni kumpeleka mtu mlangoni pa chama na kurudi nyumbani.

CMA hailipishi ada. Mlalamikaji anajaza Fomu Na. 1, anampa mwajiri nakala na kutunza ushahidi kwamba imepokelewa, kisha anaiwasilisha. Usuluhishi hupewa siku 30. Anaweza kusindikizwa na mwakilishi aliyemchagua mwenyewe, na hapo mjumbe wa dawati anaweza kuketi kando yake. Mfundisheni tarehe ya kikao kama siku ya harusi yake. Asipofika, shauri linaweza kutupwa. Mwajiri asipofika, linaweza kuamuliwa bila yeye. Usuluhishi ukishindikana, linakwenda kwenye uamuzi. Asiyeridhika na uamuzi ana wiki sita za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Amani yenyewe

Papa Paulo wa VI, kwenye Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 1972, aliweka maneno haya: ukitaka amani, fanyia kazi haki. Kwenye dawati maana yake ni ya kawaida kabisa. Kumfungia mwajiri ndani ya ofisi yake, au kumzuia asiingie, kumekatazwa na sheria hata wakati wa mgomo halali. Mgomo halali wenyewe unataka usuluhishi uwe umeshindikana, kura za walio wengi na notisi ya saa 48, na kukaa getini kuwazuia wengine hakuruhusiwi. Vijana wakija na hasira usiku, wapeni uji kwanza, halafu muwasomee aya hii.

Hakuna kuanika jina la mwajiri kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, hata akiwa mkosaji wa wazi. Ana watoto kwenye Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani. Hakuna kumnyima salamu. Na hakuna kumwambia mfanyakazi "samehe tu, mwachie Mungu" kabla hajalipwa. Hilo nimelisikia kutoka kwa wajumbe wangu wenyewe, siku mwajiri alipokuwa mfadhili wa paa la kanisa.

Mfanyakazi akitishiwa kufukuzwa kwa kudai, andikeni tarehe, maneno na waliosikia. Kutumia haki zake za kisheria au kujiunga na chama si sababu halali ya kumwachisha kazi.

Malipo

Makubaliano yaandikwe: kiasi, awamu, tarehe, sahihi za wote. Kama yamefikiwa CMA, yana nguvu ya kutekelezwa kama hukumu. Fedha zipite kwenye simu au benki ya mfanyakazi mwenyewe, zisipite dawatini, wala kwa mhazini, wala kwa paroko. Akitaka kutoa shukrani, atatoa kwenye kapu la sadaka kama wengine, bila mtu kujua.

Daftari la dawati liwe na safu ya mwisho, "alilipwa lini". Wale saidia fundi watatu safu yao ina tarehe mbili, kwa kuwa walilipwa kwa awamu. Ile ya kwanza mjumbe wetu aliiandika baada ya mkandarasi kupiga simu kusema ametuma, na fedha zikaingia siku nne baadaye. Iko hapo, imekatwa kwa mstari, tarehe sahihi pembeni. Tangu siku hiyo hatuandiki kitu kwenye safu ile mpaka mwenye pesa atuonyeshe ujumbe kwenye simu yake.